Mtoto hataki maziwa: kalsiamu ataipata wapi?

Tanga ni mkoa wa maziwa. Ng'ombe wa maziwa wako Muheza, wako Lushoto, wako Korogwe, na maziwa yanayosindikwa hapa yanauzwa mpaka Dar es Salaam. Ndiyo maana mama ambaye mwanawe anafumba mdomo akiona kikombe hukosa raha, na majirani hawachelewi kumwambia kwamba mtoto atapata matege. Maswali haya ndiyo yanayorudiwa sana na wazazi wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Majibu yangu yana msimamo mmoja: kikombe cha maziwa ni njia nzuri, lakini si njia pekee, na ugomvi wa kila asubuhi juu ya kikombe hicho hauna faida kwa mtu yeyote nyumbani.

Kwani mtoto wa umri huu anahitaji kalsiamu kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanakadiria miligramu 500 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Marekani wao wameweka 700. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama miligramu 300, kwa hiyo hata mtoto anayeyapenda hahitaji kupita vikombe viwili. Akipitiliza anashiba maziwa, anasusa chakula, na matokeo yake anapungukiwa damu kwa kukosa madini chuma.

Kalsiamu inajenga mifupa na meno, lakini pia misuli na moyo vinaitegemea kila dakika. Ikipungua kwenye damu, mwili unaichota mfupani. Kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana mchangamfu kabisa huku mifupa yake ikilipa deni.

Bado ananyonya. Hayo maziwa hayahesabiwi?

Yanahesabiwa, tena sana. Mtoto wa mwaka na kitu anayenyonya vizuri hupata kama nusu lita kwa siku, na humo mna karibu miligramu 150. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi. Usimwachishe eti ili azoee maziwa ya ng'ombe.

Kila siku anakula mchuzi wa nazi. Tui si maziwa?

Hapana, mama. Tui lina mafuta na utamu, linamsaidia mtoto apate nguvu na apende chakula, lakini kalsiamu yake ni kidogo mno. Weupe wa tui usikudanganye. Tui ni la kupikia kile chenye kalsiamu, na hapo ndipo linapofaa kweli.

Basi nimpe nini?

Dagaa. Kama ningeruhusiwa kutaja chakula kimoja tu kwa mtoto wa pwani asiyetaka maziwa, ningetaja dagaa. Samaki mkubwa ana kalsiamu nyingi pia, ila iko kwenye mifupa tunayoitupa. Dagaa analiwa na mifupa yake yote, na ndiyo siri yake: dagaa wakavu mara nyingi wana zaidi ya miligramu 1000 kwa kila gramu 100, na mwili unaifyonza vizuri.

Mtoto mdogo usimpe dagaa mkavu mzima, anaweza kupaliwa. Mtengenezee unga. Nunua dagaa wanaong'aa, wasionuka uvundo wala kuwa na ukungu. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu nne, mpaka mchanga uache kutua chini ya bakuli. Dagaa wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waache walowe kidogo chumvi ipungue. Matumbo ukitaka yatoe, vichwa viache. Waanike tena wakauke kabisa, kisha wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi ukimvunja mmoja akatike kwa sauti. Twanga, chekecha. Yale makapi yanayobaki kwenye chekecheo yarudishe kinuni, usiyatupe, maana hiyo ndiyo mifupa yenyewe. Hifadhi kwenye kopo kavu lenye kifuniko, na utengeneze kidogo kidogo, kwa sababu mafuta ya samaki yakikaa yanachacha.

Kijiko kimoja cha chakula kina kama gramu saba, yaani miligramu 70 au zaidi. Anza na kijiko cha chai kwa siku chache uone kama mwili wake unampokea samaki. Akitoka vipele, akivimba midomo au akihema kwa shida, acha na umpeleke hospitali haraka. Akiwa sawa, ongeza mpaka vijiko viwili vya chakula kwa siku, kimoja mchana, kimoja usiku. Changanya kwenye mchuzi wa nazi, viazi vya kuponda, maharage, au mchuzi anaolia bada (ugali wa muhogo). Kwenye uji mtamu wengi wanakataa harufu, usilazimishe.

Nampikia mchicha kila siku. Hautoshi?

Mchicha una kalsiamu nyingi ukiupima, ila una pia oksaleti, kitu kinachoishika kalsiamu tumboni isifyonzwe. Sehemu kubwa inapita tu na kutoka na choo. Mpe mchicha kwa faida zake nyingine, lakini kwa kalsiamu chagua chainizi na sukuma wiki, ambazo Tanga tunaletewa kutoka Lushoto. Hizo hazina oksaleti nyingi, na kalsiamu ya chainizi mwili huichukua kwa zaidi ya nusu, kuzidi hata ya maziwa. Katakata ndogo sana, pika kwa tui mpaka zilainike, na umwekee vijiko vitatu vinne pembeni ya wali. Majani ya mlonge nayo ni mazuri.

Na uji wa ulezi?

Ulezi ndio nafaka yenye kalsiamu kuliko nyingine zote tunazokula: karibu miligramu 350 kwa gramu 100 za unga. Mahindi hayaukaribii hata kidogo. Bakuli la uji lenye gramu 30 za unga linampa mtoto kama miligramu 100. Tatizo lake ni faiteti, ambazo nazo huzuia madini kufyonzwa, ila bibi zetu walishalitatua zamani: loweka ulezi usiku kucha, uoteshe uwe kimea, kisha uanike na kusaga. Au uchachushe uji kabla ya kuupika. Nakusihi usinunue ule unga wa lishe wenye nafaka na karanga nane tisa ukidhani wingi wa vitu ndio ubora. Ulezi wako mwenyewe, safi, unatosha, na unajua kilichomo.

Maziwa freshi hataki hata kuyanusa. Mtindi je?

Jaribu. Watoto wengi wanachokataa ni harufu ya maziwa yaliyochemshwa na ule utando wa juu, si maziwa yenyewe. Mtindi una kalsiamu ileile, na tumbo linaupokea kwa urahisi zaidi. Nusu kikombe chenye ndizi mbivu iliyopondwa ni miligramu 150. Unaweza pia kuyaficha maziwa kwenye uji wa ulezi au viazi. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara kumi na zaidi ndipo akikubali chakula hicho, kwa hiyo mwekee kidogo, akikataa ondoa kimyakimya. Maziwa yoyote ya ng'ombe yachemshwe kwanza, kwani mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na brusela.

Supu ya mifupa?

Ina kalsiamu kidogo sana. Mifupa ikichemshwa haiachii kalsiamu yake kwenye maji kama tunavyofikiri.

Jua si linatosha kuzuia matege?

Jua linatengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haifyonzwi ipasavyo. Mtoto acheze nje mikono na miguu ikiwa wazi, saa tatu au saa nne asubuhi. Kukaa dirishani nyuma ya kioo hakusaidii. Lakini jua halileti kalsiamu yenyewe. Watafiti waliofanya kazi Jos, Nigeria, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999, waliwakuta watoto wenye matege katika nchi iliyojaa jua. Walikuwa wakila kama miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku, na walipopewa kalsiamu mifupa yao ilipona. Pwani yetu ina jua kama lile, na watoto wetu wengi wanashinda kwa uji wa mahindi, chai na vitumbua.

Nitajuaje kwamba tayari ana upungufu?

Miguu iliyopinda kidogo kabla ya miaka miwili mara nyingi ni ya kawaida, hunyooka yenyewe. Kinachotakiwa kukushtua ni miguu inayozidi kupinda au kupinda upande mmoja, vifundo vya mikono karibu na kiganja vilivyotuna, kuchelewa kutembea, kuchelewa kuota meno, kulia akishikwa miguu. Degedege lisilo na homa ni la dharura, usingoje kesho. Kwa hayo mengine nenda na kadi yake kliniki ya mama na mtoto. Wakihitaji vipimo vya damu au picha ya mifupa watakuandikia rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu.

Ninunue dawa ya kalsiamu dukani?

Si kwa kujiamulia. Kuna watoto wanaoihitaji kweli, kama wale wenye mzio wa maziwa ambao pia hawali samaki, lakini kipimo chake kipangwe na daktari. Ikipewa pamoja na dawa ya kuongeza damu, kalsiamu huzuia madini chuma yasifyonzwe, kwa hiyo akiandikiwa zote mbili muulize daktari azipange saa tofauti, moja asubuhi, nyingine jioni.