Kubadili MX hakuhamishi barua za zamani

Ofisi nyingi, ziwe za minofu ya sangara au za wakala wa mizigo hapa Mwanza, huweza kudhani kwamba kuhamisha barua pepe kutoka Google Workspace kwenda Microsoft 365 ni kubadili tu rekodi ya MX (mstari kwenye mipangilio ya kikoa chako unaotaja seva ya kupokea barua), barua zote zifuate. Sivyo. MX huelekeza barua zitakazoingia kuanzia hapo. Zilizokwishafika hubaki zilipo, na akaunti ya zamani ikifutwa zinapotea nayo.

Za zamani hunakiliwa kwa kazi ya pekee. Njia ya IMAP, itifaki ya kusoma barua zilizo kwenye seva, hubeba barua tu. Kalenda na anwani hazimo. Tena Google huruhusu kupakua MB 2,500 kwa siku kwa kila akaunti, kwa hiyo sanduku la GB 20 litakula siku 8, hata faiba yako iwe na kasi gani. Barua yenye lebo mbili huonekana kwenye folda mbili, hivyo huweza kunakiliwa mara mbili na kujaza nafasi bure.

Anza kunakili wiki mbili kabla. Siku mbili kabla ya kugeuza MX, shusha TTL, yaani muda ambao seva nyingine huikumbuka rekodi kabla ya kuiuliza upya, kutoka sekunde 3600 hadi 300. Kisha SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako, ambapo wengi hukwama: iwe rekodi moja inayotaja kampuni zote mbili. Ukiweka rekodi mbili, ukaguzi hufeli, na ankara ya mnunuzi wa Ulaya huweza kuishia kwenye barua taka.

Akaunti za zamani zilipie mwezi mmoja zaidi. Bila hivyo, folda iliyosahaulika huna pa kuifuata.