Kodi uliyolipa ndiyo notisi yako

Swali linaloletwa mara nyingi kwenye dawati letu la msaada wa kisheria ni hili: sheria inamruhusu mwenye nyumba apandishe kodi kwa asilimia ngapi? Jibu huwavunja watu nguvu, maana sheria haitaji asilimia yoyote. Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni mapatano. Mwenye nyumba anayetaka kutoka laki moja kwenda laki mbili hajavunja sheria kwa kutaka tu.

Basi mpangaji hana pa kushika? Anapo, ila si pale anapopatafuta. Anatafuta ulinzi kwenye bei, wakati ulinzi wake uko kwenye muda.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inasema kwamba mtu akikaa kwenye nyumba ya mwingine kwa kulipa kodi, bila mkataba wa maandishi, upangaji wake unahesabiwa kwa kipindi anacholipia. Analipa kwa mwezi, upangaji ni wa mwezi. Analipa kwa miezi mitatu, ni wa miezi mitatu. Halafu kifungu hicho hicho, cha 79, kinaongeza jambo ambalo wapangaji wengi hawajawahi kulisikia: anayetaka kuuvunja upangaji huo, awe mwenye nyumba au mpangaji, atoe notisi isiyopungua kipindi chenyewe, na notisi hiyo iishie siku ya kulipa kodi.

Tuweke mfano. Fundi cherehani amepanga vyumba viwili Mbagala, hana karatasi yoyote. Hulipa kila baada ya miezi mitatu, 80,000 kwa mwezi, kwa simu. Januari mosi ametuma 240,000. Februari 10 mwenye nyumba anampigia: kuanzia Machi ni 120,000, ukishindwa nipishe. Fundi anaanza kutafuta chumba siku hiyo hiyo, na dalali anamtaka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonyesha. Angejua haki yake asingekimbia hivyo. Januari hadi Machi imeshalipiwa, na bei ya kitu kilicholipiwa haibadilishwi na mtu mmoja. Notisi ya miezi mitatu ikihesabiwa kutoka Februari 10 inafika Mei 10, ambayo si siku yake ya kulipa kodi. Siku ya kulipa inayofuata ni Julai mosi. Kwa hiyo mpaka Julai mosi fundi yuko kwake, kwa 80,000, isipokuwa yeye mwenyewe akubali bei mpya. Hapo katikati wazungumze: huenda wakakutana kwenye 95,000, huenda wakaachana. Lakini wanazungumza fundi akiwa amekaa, na hilo si jambo dogo.

Hesabu hii ina upande wa pili ambao kwenye mjadala wa kodi za mkupuo hautajwi. Tunalalamikia kulipa miezi sita au mwaka kwa mara moja, na mzigo huo ni mzito kweli kwa mtu anayeanza maisha. Ila anayelipa mwezi kwa mwezi bila mkataba ana notisi ya mwezi mmoja tu. Ukiomba ulipie mwezi mmoja mmoja, omba pia iandikwe kwamba notisi itakuwa miezi mitatu. Wenye nyumba wengi hawakatai, kwa sababu wakati wa kuingia kila mtu ana tabasamu.

Wenye mkataba wa maandishi hali yao ni nyingine. Mkataba wenye tarehe ya mwisho unakwisha tarehe hiyo, na kama haukutaja notisi, usitegemee kuipata. Kaa na mwenye nyumba miezi miwili kabla, si wiki ya mwisho. Soma pia kile kipengele kifupi kinachosema kodi "itabadilika kulingana na hali ya soko". Ukishasaini hicho, umempa rungu. Na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa sababu usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi siku unapouhitaji.

Tuje kwenye vitisho. Kufuli jipya mlangoni, maji kukatwa, LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuzimwa kwenye mita kuu, na mengine ya ajabu zaidi: mwenye nyumba anapandisha mafundi juu, wanaezua bati wewe ukiwa ndani, anasema anafanya ukarabati. Sheria ya Ardhi imeweka ndani ya kila upangaji, uwe umeandikwa au la, ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji atakaa bila kusumbuliwa. Hata mpangaji anayedaiwa hatolewi kwa kufuli. Anatolewa kwa amri ya baraza la ardhi au mahakama, na anayeitekeleza ni dalali wa mahakama aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, si vijana wa kijiweni. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa si amri ya kumtoa mtu. Wala ya mjumbe. Mwenyekiti anaweza kusuluhisha na kuwa shahidi, na mara nyingi hilo linatosha, lakini hana mamlaka ya kukutoa. Wakivunja mlango au wakibeba vyombo, nenda polisi ukafungue jalada, maana hapo tumeshatoka kwenye habari ya kodi.

Njia ya kudai inaanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu, na mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha mtu pale, jambo linalomfaa asiye na fedha. Usuluhishi ukishindikana, baraza linakupa hati ya kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako unaweza kuomba pia zuio la muda usitolewe kabla shauri halijasikilizwa.

Kosa kubwa la wapangaji kwenye migogoro hii ni kususa kulipa. Mtu anasema, amenitukana, simpi hata senti. Siku hiyo ndiyo anampa mwenye nyumba hoja ambayo hakuwa nayo. Lipa kodi ya zamani kwa tarehe yake. Akikataa kupokea, mtumie ujumbe kwamba fedha ipo na anaweza kuichukua, kisha iweke, usiile. Ujumbe wa simu ni ushahidi unaopokelewa, kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Fedha taslimu mkononi bila risiti ndiyo inayotusumbua sana kuithibitisha.

Jambo jingine dogo. Tangu 2021 kodi ya jengo, ile ya serikali, si ya pango, inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayeilipa kila mwezi ni mpangaji, wakati kisheria ni ya mwenye jengo, labda mkataba wenu useme vingine. Ni fedha kidogo, lakini ziandike. Anapokuja na hoja kwamba gharama zimepanda ndiyo maana anapandisha kodi, ni vizuri ukajua ipi kati ya gharama hizo unaibeba wewe.

Na nyumba ikiuzwa? Mnunuzi ameikuta na mtu ndani. Muda uliokwisha kuulipia haufutwi kwa sababu hati imebadilika jina. Muulize mapema nani apokee kodi inayofuata, na jibu lije kwa maandishi.

Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo ni bure, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo kwenye wilaya nyingi. Ukija, njoo na mkataba kama upo, risiti, jina la shahidi mmoja anayejua uliingia lini, na simu ile ile uliyolipia kodi, ikiwa na meseji zake zote, hata zile za matusi.