Kitabu cha chanzo cha vita vya 1914: tazama kwanza kinaanzia wapi

Nafundisha historia ya Ulaya, na kila mwaka naulizwa: anayetaka kuelewa chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia aanze na kitabu kipi? Kabla sijataja jina lolote, humwambia afungue sura ya kwanza atazame tarehe. Mwandishi akichagua pa kuanzia, mara nyingi ameshachagua na wa kulaumiwa.

Christopher Clark, katika The Sleepwalkers cha 2012, anaanzia Belgrade, Juni 1903, usiku maofisa wa jeshi walipovamia kasri na kumuua Mfalme Alexander wa Serbia na Malkia Draga. Mmoja wa waliopanga mauaji hayo, Dragutin Dimitrijević, ndiye baadaye aliyeongoza ujasusi wa jeshi la Serbia na kuwa nyuma ya vijana waliotumwa Sarajevo kumuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria, mauaji yaliyowasha moto wa 1914. Ukiingia kwa mlango huo, unafika Juni 1914 ukiwa umeishi na Serbia kurasa nyingi, na Ujerumani inaonekana kama mkosaji mmoja kati ya wengi.

Fritz Fischer, mwanahistoria Mjerumani aliyewatikisa wenzake kwa kitabu chake cha 1961, anaingia kwa mlango mwingine kabisa: makabati ya nyaraka za serikali yake mwenyewe. Humo alitoa rasimu ya malengo ya vita ya tarehe 9 Septemba 1914, iliyoandaliwa kwa Kansela Bethmann Hollweg. Ufaransa idhoofishwe, Ubelgiji iwe nchi tegemezi, na makoloni ya Ujerumani Afrika ya Kati yaungane kuwa himaya moja. Kwa Fischer, Berlin ilikuwa na njaa ya kutawala. Lakini itazame ile tarehe: rasimu iliandikwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya vita kuanza. Je, inathibitisha walichokitaka mwezi Julai, au ni tamaa iliyoamshwa na ushindi wa wiki za kwanza? Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya hilo, na kitabu cha baadaye kinachomtumia Fischer bila kuligusa swali hilo mimi hukirudisha rafuni.

Nikiwa dukani na muda mfupi, naenda kwenye faharasa kumtafuta Sazonov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi. Anipeleke tarehe 29 na 30 Julai: Mfalme Nicholas anatoa amri ya kukusanya jeshi lote, usiku uleule anaifuta baada ya kupata simu ya maandishi kutoka kwa binamu yake Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, na kesho yake mchana Sazonov anamshawishi airudishe. Kisha narudi tarehe 5 Julai, siku Wilhelm alipoiahidi Austria-Hungaria kwamba atasimama nayo hata Urusi ikiingilia. Mwandishi anayeipa siku moja kurasa kumi na nyingine mistari mitatu ameshaniambia msimamo wake, hata kama dibaji inasema hana upande.

Barbara Tuchman na The Guns of August cha 1962 nampenda kwa kalamu yake. Anaanza na mazishi ya Mfalme Edward VII, London, Mei 1910, wafalme tisa wakiwa juu ya farasi, na ukurasa ule haukuachii. Ila nchi za Balkani amezipita mbio mno. Msome kwa ajili ya mapigano ya Agosti yenyewe, si kwa chanzo.

Anayetafuta mapigano ya Tanga asiyatafute kwa Tuchman wala Clark, kwani wote wawili wanakomea kabla ya Novemba 1914.

Mwenye nafasi ya vitabu viwili namshauri aanze na Clark, kisha Fischer, tena bila kupumzika katikati. Akimaliza cha kwanza atakuwa amemwonea huruma Bethmann Hollweg, na huruma hiyo ndiyo ninayotaka aende nayo kwenye ile rasimu ya Septemba.