Akishachomwa ya miezi 9, kliniki imeisha?

Kadi nyingi za kliniki huku kwetu Dodoma zinafanana. Nukta za uzito zinapanda mwezi hadi mwezi, kisha baada ya sindano ya surua ya miezi 9 karatasi inabaki nyeupe. Mama hakuzembea. Ameelewa kwamba kazi imekwisha.

Haijaisha. Ratiba yetu ina chanjo ya pili ya surua-rubella mtoto akifika miezi 18. Ile ya miezi 9 huwakinga watoto kama 85 kati ya 100. Waliobaki wanaonekana wazima kama wenzao, lakini miili yao haikujenga kinga, na ya pili ndiyo inayowaokoa. Tena kliniki si sindano tu: matone ya vitamini A hutolewa kila miezi 6, tangu mtoto ana miezi 6 hadi akaribie miaka 5, na dawa za minyoo kuanzia mwaka 1. Halafu kuna mizani na ubao wa urefu. Hapa ndipo roho inaniuma, maana udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, hushika kasi kati ya miezi 6 na miaka 2, na ndio wakati huohuo tunaacha kumpima mtoto.

“Amekonda sana, tusimchanje kwanza.” Kati ya dhana zote potofu ninazozisikia, hii ndiyo ninayoiogopa zaidi. Utapiamlo si sababu ya kuahirisha chanjo. Mtoto aliyekonda ndiye surua humpiga vibaya kuliko wote. Inamharisha, midomo inajaa vidonda hadi anakataa chakula, inamaliza akiba ya vitamini A mwilini, na wengine hupofuka. Mhudumu wa afya akimfunga mkanda wa rangi wa kupima unene wa mkono, juu ya kiwiko, ukasoma chini ya sentimita 11.5, yaani kwenye nyekundu, apelekwe kituoni siku hiyohiyo na kadi yake ikaguliwe hapohapo.

“Ukoo wetu ni wafupi.” Shirika la Afya Duniani lilipima watoto walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri katika nchi 6, zikiwemo Ghana, India na Norway. Hadi umri wa miaka 5 urefu wao ulikaribiana sana. Hapa nchini utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hatuwezi kuusingizia ukoo kwa watoto wote hao.

“Uji wa lishe ni nafaka nyingi.” Mahindi, mtama, uwele, ulezi na mchele vikisagwa pamoja bado ni nafaka. Mtoto anataka pia kunde, yai, dagaa, maziwa, mboga kama mlenda, na kijiko cha mafuta ya alizeti, ambayo hapa tunayo. Karanga ni nzuri mno, ila zichambuliwe kabla ya kwenda mashineni: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, asipewe hata kuku. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na moto wa kupikia uji hauimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi yalihusika. Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo, na yakauke kabisa ndipo yaingie kwenye gunia.

“Chanjo inamletea homa.” Joto kidogo au uvimbe pale alipochomwa ni kawaida, na huisha kwa siku moja au mbili. Ya surua inaweza kuleta joto baada ya wiki moja hivi. Joto likipanda sana, au akipata degedege, zahanati.

Kama mwanao ameshapita miezi 18 bila ile ya pili, mpeleke tu. Haanzi upya, anaendelea pale alipoishia. Kadi ikipotea, nenda palepale alipochanjwa uombe waangalie kwenye rejesta, na ukiwa hapo waombe wampime urefu pia, si uzito peke yake.