Mahakama za madeni madogo za Uingereza hazikuwa ngao ya maskini

Wengi hudhani kwamba Mahakama ya Maombi ya mfalme wa Uingereza na mahakama za madeni madogo zilizobeba jina hilohilo zilikuwa chombo kimoja, kilichoundwa kuwalinda maskini. Sivyo. Ile ya kwanza ilichipuka katika baraza la mfalme mwishoni mwa karne ya 15, ikapokea malalamiko ya wasio na uwezo, ingawa wenye nafasi nao waliikimbilia kwa wepesi na unafuu wake. Shughuli zake zilikoma katika miaka ya 1640, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka. Hizi nyingine zilianzia jijini London mwaka 1518, zikisikiliza madai yasiyozidi shilingi 40 za Uingereza (sawa na pauni 2) mbele ya makamishna wenyeji, ambao kwa kawaida walikuwa wafanyabiashara, si wanasheria. Hapo ndipo penye uchungu: mara nyingi mdai alikuwa mwenye duka aliyekopesha bidhaa, na maskini ndiye aliyeshtakiwa, tena aliweza kufungwa gerezani kwa deni la shilingi chache. Sheria ya mwaka 1846 ilipoanzisha mahakama mpya za kaunti, zenye majaji wanasheria na ukomo wa madai wa pauni 20, hatari hiyo ya kifungo haikuondoka.