Taka za baharini: maana yake na namna serikali zinavyozizuia

Taka za baharini ni kitu chochote kigumu kilichotengenezwa na binadamu, kisichooza upesi, ambacho kimetupwa, kimetelekezwa au kimeishia baharini kwa njia yoyote, iwe kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Sheria ya Marekani ya mwaka 2006 kuhusu taka hizi inazieleza karibu hivyo hivyo. Chupa, ndala, nyavu, vipande vya maboya, matairi na makopo vimo. Magogo, mwani, mafuta yaliyovuja na maji ya vyooni havimo, kwa kuwa vina sheria zake na mbinu zake.

Ukubwa nao una maana katika kazi hii. Wanaohesabu taka ufukweni kwa kawaida hupima kipande cha mita 100 na kuokota kila kitu kinachozidi sentimita 2.5. Plastiki iliyo chini ya milimita 5 huitwa plastiki ndogondogo, na ikishachanganyika na mchanga na maji hakuna serikali yenye chombo cha kuitoa. Mfuko mmoja ukikaa juani na kupigwa na mawimbi hugeuka vipande visivyohesabika. Ndiyo maana hatua zenye faida ni zile zinazoinasa taka ingali nzima, mahali inapopita kwa wingi: kwenye mtaro, kwenye gati, kwenye boti ya uvuvi, au kiwandani kabla haijatengenezwa.

Gharama ya kuchelewa inaonekana vizuri Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Ushelisheli kisicho na wakazi zaidi ya watafiti na walinzi wachache. Mwaka 2019 wakfu wa umma unaokitunza ulipeleka watu wa kujitolea 12 kwa wiki tano. Walitoa tani 25. Watafiti walikadiria kwamba zaidi ya tani 500 zilibaki, asilimia 83 ya uzito huo ikiwa ni zana za uvuvi, na asilimia 7 ndala na viatu. Kila tani iligharimu takriban dola 8,900 kuiondoa, na kusafisha kisiwa chote kungehitaji kama dola milioni 4.68 na saa 18,000 za kazi. Karibu taka zote hizo zilitoka mbali. Nchi ndogo inabebeshwa gharama ya taka ambazo haikuzizalisha wala haina mamlaka ya kuzizuia, na hilo ni dhuluma.

Tuanze na mitaro, maana taka nyingi za mijini hupitia humo. Wakati wa kiangazi takataka hukusanyika barabarani na kwenye chemba. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, zote huchukuliwa kwa pamoja hadi mtoni na kisha baharini. Jimbo la California limelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko sehemu nyingi. Kwa Mto Los Angeles, bodi ya maji iliweka kikomo cha taka kuwa sifuri, kifikiwe hatua kwa hatua kwa kupunguza karibu asilimia 10 kila mwaka. Mwaka 2015 masharti ya namna hiyo yalipanuliwa kwa jimbo zima. Kifaa kinachokubalika lazima kinase kila kitu kisichopita kwenye tundu la milimita 5, na kiweze kupitisha maji ya mvua kubwa ya saa moja, ile ambayo kwa wastani hutokea mara moja kwa mwaka.

Chemba ya Los Angeles huwa na vizuizi viwili. Cha kwanza ni wavu wa chuma kwenye mdomo wa mtaro kando ya barabara. Siku za kawaida umefungwa, hivyo taka hubaki juu na kuzolewa na wafagiaji. Maji yakija kwa nguvu, wavu hufunguka wenyewe ili barabara isifurike. Cha pili ni bati lenye matundu ya milimita 5 lililozungushwa ndani ya chemba mbele ya bomba la kutokea. Sehemu yake ya juu huachwa wazi, ili matundu yakiziba maji yapite juu yake badala ya kurudi barabarani.

Makosa mengi hutokea baada ya kifaa kufungwa. Chemba isipozolewa kabla ya masika, mvua ya kwanza huijaza, maji hupita juu, na taka zote huondoka nayo kana kwamba hakuna kilichowekwa. Ikiwa nafasi ya wazi juu ya bati haikuachwa, mtaa hufurika, na mara nyingi wakazi wenyewe hung'oa kizuizi. Maji yakituama ndani, mbu huzaliana. Halmashauri inayotaka kuiga mfano huu ipange kwanza bajeti ya kuzoa: gari, watu, ratiba ya kila chemba, na mahali pa kupeleka taka. Ununuzi wa chuma ndio sehemu rahisi. Na kama mtaa hauna huduma ya kuzoa taka majumbani, kizuizi kitajaa kwa siku chache tu, kwa kuwa mtaro umegeuka kuwa jaa.

Njia nyingine ni kuondoa kitu chenyewe sokoni. Rwanda ilianza mwaka 2008. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo. Tanzania ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Kanuni zake zinatofautisha makosa: mtengenezaji na mwingizaji wanakabiliwa na faini ya mamilioni ya shilingi, ilhali anayekutwa na mfuko hutozwa kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba. Vifungashio vya dawa, vya viwandani, vya kilimo na vya kudhibiti taka viliachwa nje ya marufuku.

Mwanya umebaki hapo hapo kwenye vifungashio. Mfuko laini unaoruhusiwa kufungia bidhaa kiwandani hugeuzwa sokoni kuwa mfuko wa kubebea nyanya. Mifuko mbadala nayo, ile inayofanana na kitambaa, mingi ni plastiki ya polipropilini. Ikiwa nyembamba huchanika baada ya matumizi machache na kuacha nyuzi. Kwa hiyo ukaguzi wa maana unapima uzito wa mfuko kwa kila mita ya mraba na kuangalia kama una jina la mtengenezaji, na ufanyike kiwandani na mpakani. Kumkamata mama muuza mchicha hakupunguzi shehena inayoingia kwa njia za panya.

Umoja wa Ulaya uliamua cha kupiga marufuku kwa kutumia hesabu za fukwe. Vitu vilivyoongoza katika hesabu hizo ndivyo vilivyolengwa na sheria ya mwaka 2019, na tangu Julai 2021 mirija, sahani, vijiko na uma za plastiki, pamoja na vijiti vya pamba za masikioni, haviruhusiwi kuingizwa sokoni humo. Vizibo vilihesabiwa kwa wingi, basi tangu Julai 2024 kizibo lazima kibaki kimeshikamana na chupa yake. Nchi wanachama zinatakiwa pia kukusanya kando asilimia 90 ya chupa za plastiki za vinywaji ifikapo 2029. Ni utaratibu wa kuigwa: hesabu kwanza, kisha ukiandika sheria ujue unalenga nini.

Meli zina mkataba wao. Kiambatisho cha Tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kilianza kutumika mwishoni mwa 1988 na kikaimarishwa kuanzia Januari 2013. Msingi wake ni mkali: kutupa taka baharini ni marufuku isipokuwa zilizotajwa, na plastiki haimo kabisa kati ya hizo, iwe kamba, wavu au majivu ya plastiki iliyochomwa melini. Mabaki ya chakula yaliyosagwa hadi kupita kwenye tundu la milimita 25 yanaweza kumwagwa meli ikiwa safarini, zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, kama kilomita 5.6. Yasiposagwa, ni zaidi ya maili 12. Katika maeneo maalumu, kama Mediterania na eneo la Ghuba ambako mabaharia wengi wa pwani yetu hupita, hata yaliyosagwa hayamwagwi kabla ya maili 12.

Chombo chenye urefu wa mita 12 au zaidi kinatakiwa kubandika tangazo la masharti hayo. Chenye ujazo wa tani 100 au zaidi, au kinachoruhusiwa kubeba watu 15 au zaidi, kiwe na mpango wa maandishi wa kushughulikia taka. Daftari la taka lilikuwa la meli za tani 400 kwenda juu. Tangu Mei 2024 limeshushwa hadi tani 100. Humo huandikwa tarehe, saa, mahali meli ilipo, aina ya taka kwa herufi (plastiki ni A), ujazo kwa mita za ujazo, na saini ya afisa aliyesimamia. Daftari hutunzwa miaka miwili baada ya maandishi ya mwisho, pamoja na stakabadhi za bandarini.

Mkaguzi wa bandarini, ambaye Tanzania anatoka Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) na Kenya anatoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya, hahitaji kuona taka zikitupwa. Anaoanisha daftari, stakabadhi na kilichomo melini. Meli yenye mabaharia 20 iliyokaa baharini wiki tatu haiwezi kufika bila plastiki stoo na bila maandishi ya kuichoma au kuishusha. Pengo la namna hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

Lakini mkataba unaidai nchi pia: bandari iwe na mahali pa kupokelea taka bila kuichelewesha meli. Hapo ndipo utekelezaji hulegea. Bandari ikitoza kwa kila mita ya ujazo, nahodha anapata sababu ya kushusha kidogo. Umoja wa Ulaya ulilitatua mwaka 2019 kwa kuingiza gharama ya taka hizi katika ada ya bandari inayolipwa na kila meli, ishushe au isishushe, hivyo kutupa baharini hakuokoi senti. Pasipo mpangilio huo, daftari peke yake ni karatasi.

Zana za uvuvi ndizo taka zenye madhara makali zaidi, kwa kuwa zimetengenezwa kuua na zinaendelea kuua. Jarife, yaani wavu mkubwa wa kutega, likipotea hubaki limesimama majini, chelezo za kuliinua juu na chubwi za kulizamisha chini, likinasa samaki, kasa na pomboo hadi lilemewe na kulala juu ya matumbawe. Dema, yaani mtego wa kikapu, la waya au plastiki hunasa samaki, akifa anakuwa chambo cha wengine. Tiba zinazojulikana ni kutia alama ya mmiliki kwenye zana, kutoa taarifa ya mahali ilipopotelea, na kwa madema kuweka mlango uliofungwa kwa uzi wa pamba au katani unaooza ili samaki watoke. Sharti la kutoa taarifa lisiambatane na faini kwa aliyepoteza kwa dhoruba, la sivyo atanyamaza. Korea Kusini imekuwa ikinunua kutoka kwa wavuvi taka walizozivua tangu 2003, na Januari 2024 ilianza kutoza dhamana kwenye madema, inayorudishwa dema likirejeshwa.

Katika Bahari ya Hindi kuna pia maboya ya kukusanyia jodari, chelezo zenye nyavu au kamba chini na kifaa cha setilaiti juu, ambazo meli kubwa huziacha zielee. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli, iliweka mwaka 2019 kikomo cha maboya 300 yanayofanya kazi kwa kila meli kwa wakati mmoja, na kutaka yaundwe kwa namna isiyonasa wanyama kuanzia 2020. Udhaifu ni kwamba boya likitoka kwenye eneo lenye jodari, meli huweza kuzima mawasiliano yake. Halihesabiwi tena, nalo linaendelea kuelea hadi lipande mwamba wa mtu mwingine.

Mkataba wa dunia kuhusu plastiki bado haupo. Mataifa yaliafikiana Nairobi mwezi Machi 2022 kuuandika, na mazungumzo yakapita Punta del Este, Paris, Nairobi, Ottawa na Busan. Kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kilivunjika bila makubaliano. Kilichoyagawa ni swali moja hasa: kama mkataba uweke kikomo cha kiasi cha plastiki kinachozalishwa, au uishie kwenye kushughulikia taka zake.