Daktari aliyekuwa waziri kwa wiki nne

Wanafunzi wangu wa afya ya jamii huniuliza: kwa nini serikali isimkabidhi wizara daktari anayeijua kazi, mambo yakaisha? Huwa nawasimulia habari za Nelson Teich.

Teich ni bingwa wa saratani kutoka Rio de Janeiro. Aliapishwa kuwa Waziri wa Afya wa Brazil tarehe 17 Aprili 2020, korona ikiwa imeshaua watu wapatao 2,000 nchini humo. Mtangulizi wake, Luiz Henrique Mandetta, naye daktari, alikuwa ametimuliwa jana yake baada ya kuvutana na Rais Jair Bolsonaro kuhusu watu kubaki majumbani.

Kuna video ya mkutano na waandishi wa habari, tarehe 11 Mei, ambayo siachi kuionyesha darasani. Mwandishi anauliza kuhusu amri ya rais inayoziingiza saluni, vinyozi na jimu kwenye huduma za lazima, yaani zinazoruhusiwa kubaki wazi. Teich anashtuka: imetoka leo? Waziri wa Afya anapashwa habari na waandishi, kamera zikimmulika.

Wodini, daktari akiandika sindano, muuguzi anaichoma. Wizarani karatasi ina safari ndefu. Juu yupo rais. Chini yapo majimbo na manispaa, ambayo Mahakama ya Juu ilishathibitisha Aprili ile ile kwamba yana mamlaka ya kuweka karantini yenyewe. Kilichobaki mkononi mwa Teich hasa ni fedha na miongozo ya tiba.

Na ni kwenye miongozo hiyo ndiko alikobanwa. Rais alitaka klorokwini, dawa ile ile ya malaria, wapewe hata wagonjwa wenye dalili nyepesi. Ushahidi haukuwapo. Kutia saini hapo ni sawa na kuwaandikia dawa usiyoiamini maelfu ya wagonjwa ambao hujawapima hata mapigo ya moyo. Tarehe 15 Mei akajiuzulu, vifo vimepita 14,000. Siku tano baadaye mwongozo ukatoka, wizara ikiwa chini ya naibu wake, Eduardo Pazuello, jenerali wa jeshi.

Wapo wanaomwita mwoga. Mimi simlaumu kwa kuondoka, namlaumu kwa namna alivyoingia: hakuhakikisha kwanza nani ana neno la mwisho. Mwaka uliofuata, mbele ya tume ya Seneti, mwenyewe alisema aliondoka kwa sababu hakuwa na uhuru wa kuiongoza wizara.